Miwani ya Kaboni

Jumatatu, 11 Juni 1973

Nimepiga taipu seti kumi na tisa za fomu kabla ya saa sita. Kila seti nakala nne, kaboni tatu katikati. Vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Nimekula ndizi nimeishika kwa gazeti. Foleni ya malori imevuka kona. Ng'ambo, Uganda, wamefunga kizuizi tena na hawasemi kwa nini. Madereva wamelala chini ya magari yao. Kila ukuta hapa Malaba unanuka mkojo. Nachukia harufu hiyo, na nachukia zaidi kwamba nimeizoea.

Bwana Simioni, mwenye ofisi hii ya kutoa mizigo forodhani, amepita mara moja tu. Ameinua fomu moja akasema kazi safi, bila kuisoma. Anautaka udiwani. Tangu aamue hivyo anamsalimu kila mtu kwa mikono miwili. Zamani yeye hata mkewe alikuwa akimsalimu kwa kuinua kidevu.

Lile gazeti la ndizi nimelisoma baadaye. Tarehe thelathini mwezi huu jua litapatwa. Kaskazini huko, Turkana, litafunikwa lote. Kwetu kitabaki kipande tu, alasiri. Nimesoma mara tatu. Nimeikata habari hiyo nikaiweka kwenye droo. Kuna watu wanajua saa na dakika ambayo mwezi utapita mbele ya jua. Mimi sijui lori la chumvi litavuka siku gani.

Jumatano, 13 Juni

Sokoni. Mhubiri mmoja amepanda juu ya kreti ya soda, anatangaza kwamba jua litakufa. Ameonyeshwa, ati. Kumbe ndani ya Biblia yake kuna ukurasa uleule wa gazeti, umekunjwa mara nne. Nimeuona alipofungua. Amesoma mahali niliposoma mimi, halafu anatisha watu nao. Nilitaka kutema mate pale pale.

Mama Amoit, muuza omena, dagaa wa ziwani, alikuwa ameshaamini. Amepanga kufunika mitungi na kufungia kuku. Nikachukua kifuniko cha sufuria yake nikakipitisha polepole kati ya macho yake na jua. Nikamwambia kifuniko ndio mwezi. Hakuelewa. Basi nikamuuliza: lori likisimama mbele ya kibanda chako, kibanda kimekufa?

"Hakijakufa. Ni wateja ndio hawanioni."

"Na lori likiondoka?"

"Wananiona." Halafu akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa huyu mhubiri anapigia lori kelele!"

Jioni yote nilikuwa na furaha. Nimeandika hapa nisije nikasahau kwamba niliwahi.

Ijumaa, 15 Juni

Nimeomba ruhusa ya nusu siku nikaenda ofisi moja ya serikali, jina silitaji. Nilitaka kibali cha kuwaeleza watu sokoni. Karani hakuinua kichwa. Wewe ni mwalimu? Hapana. Daktari? Hapana. Basi jua linakuhusu nini?

Na mezani kwake, chini ya birika la chai, bunda la vijikaratasi kutoka Nairobi. Kamba haijafunguliwa. Juu pameandikwa kwa Kiingereza namna ya kutazama kupatwa kwa jua bila kuumia. Vimetumwa viwafikie watu, na yeye amevifanya kiti cha birika. Nikaomba kimoja. Akasema hivyo ni vya kugawiwa wananchi. Nikamuuliza mimi ni nani, mbuzi? Akanichomolea kimoja, kina duara la chai katikati.

Nimerudi kwa miguu hadi barabara kuu, kijikaratasi mkononi.

Jumapili, 17 Juni

Sikwenda misa. Nimetafsiri kijikaratasi chote. Usitazame jua kwa macho matupu. Usitazame kwa miwani ya kawaida, wala kioo chenye masizi, wala ndani ya karai la maji. Jicho halina maumivu kule ndani, ndiyo hatari yake: linaungua na wewe hujui. Chukua kadibodi, toboa tundu dogo kwa pini, lipe jua mgongo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie karatasi nyeupe. Hapo utaliona jua.

Nimejaribu kwa boksi la viatu. Kweli! Kaduara kadogo ka mwanga juu ya karatasi. Lile ni jua lenyewe, nimelishika kiganjani. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Nilitaka kumwonyesha mtu. Mtu huyo ni dada Konso, na dada Konso hatusemezani tangu Pasaka. Anashona kwenye baraza iliyo mkabala na ofisi yetu. Kutoka dirishani naona hadi mkasi wake. Ndiye aliyenisomesha taipu Kisumu, kwa sare za shule alizoshona mpaka mgongo ukapinda. Pasaka nilimwambia kwamba Simioni ni mwizi, asipokee kazi yake ya mashati ya kampeni. Akaniambia nina kiburi cha mtu aliyeshibishwa na cherehani. Nikamjibu neno baya. Sitaliandika.

Jumanne, 19 Juni

Nimefanya ujinga. Nimemwonyesha Simioni ile tafsiri nikimwomba karatasi za ofisi nipige nakala hamsini za kugawa sokoni. Akasoma, mara hii akasoma kweli. Nikaona macho yanamwaka.

Kadibodi yenye tundu hakuitaka. Mtu anayetazama chini, anasema, hamwoni mgombea. Anataka kitu cha kuvaa usoni, chenye jina lake. Miwani! Akaangaza macho ofisini, akainamia kapu langu la takataka, akachomoa kaboni iliyotumika. Akaiinua dirishani.

"Si nyeusi hii? Tunazo magunia."

Nikamweleza. Nimemweleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kiluhya. Kaboni mpya yenyewe haizuii jua. Iliyotumika ni mbaya mara kumi, kwa sababu kila herufi ikigongwa wino unatoka, mahali hapo panabaki ngozi tupu ya karatasi. Inua kaboni ya zamani kwenye mwanga, utasoma fomu nzima: jina la mwenye mzigo, namba ya lori, tani ngapi za saruji. Kila herufi ni tundu la jua. Kila karani wa forodha hapa anajua hivyo, maana ndivyo tunavyosoma fomu zilizopotea.

Akasema ataweka mbili mbili. Akaniambia nirudi kwenye taipureta.

Alhamisi, 21 Juni

Leo nimeandika uongo kwa mikono yangu.

Karatasi ya kwenda na miwani. Maneno ni yake: "Miwani hii imekaguliwa na wataalamu. Ni salama kabisa kwa macho ya mzee, mama na mtoto. Zawadi ya Simioni, rafiki wa watu." Nikamuuliza wataalamu gani. Akacheka, meno yote nje. Si wewe umesoma kile kijikaratasi? Basi mtaalamu ni wewe.

Ningeweza kuinuka. Mlango ulikuwa wazi. Nilifikiria kodi ya chumba, nikafikiria wasichana wa taipu walivyojaa Busia na Kisumu bila kazi. Nikaingiza stensili, karatasi ya kurudufishia nakala, kwenye mashine. Nimepiga bila kosa hata moja. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba nilijitahidi isiwe na kosa.

Jumamosi, 23 Juni

Nimekwenda sokoni na boksi langu, bila kibali cha mtu. Mama Amoit akanipa nafasi mbele ya omena. Walikuja wengi kiasi, wanawake wa soko, utingo wa malori, dereva mzee wa Mombasa anayeitwa Athumani ambaye foleni imemweka hapa siku tisa.

Mfano wa lori na kibanda waliuelewa. Hata walipiga makofi. Lakini nilipowaambia walipe jua mgongo, kicheko! Ati harusi inapita na wewe unatazama ukuta? Utingo mmoja akageuka, akainama, akachungulia kati ya miguu yake, akauliza hivi ndivyo? Soko zima likavunjika mbavu. Mzee Athumani akamkemea: "Kaa vizuri, bwana wee, dada anakusomesha bure."

Sajini wa polisi akaja kuona kuna mkusanyiko gani. Alasiri hiyo ya thelathini jua litakuwa upande wa ng'ambo, na yeye hataki mtu aelekeze kitu chochote ng'ambo. Wenzetu wana askari wenye woga siku hizi, wakiona kitu kinang'aa watadhani darubini ya kijasusi. Nikamwonyesha. Boksi langu linaelekea huku Kenya, Uganda inapata mgongo. Alilizunguka lile boksi mara mbili. Akakubali, tena akaomba kutazama.

Halafu mama mmoja akauliza: na miwani ya Bwana Simioni je? Tumesikia itakuja.

Wote wakanitazama. Nilikuwa nayo sentensi mdomoni. Nikasema: hii yangu ni bora zaidi. Bora zaidi! Kana kwamba nalinganisha sabuni. Sikusema ile itawaunguza. Sikusema karatasi niliipiga mimi. Nimerudi nyumbani najinukia.

Jumatatu, 25 Juni

Ofisi imekuwa karakana. Vijana wa kampeni wanakata kadibodi, wanapaka gundi ya unga, wanabandika kaboni. Kaboni zangu. Sakafu yote nyeusi, unga umeanza kuchacha, mainzi. Nimepiga fomu katikati ya uchafu huo, kimya.

Walipotoka kwenda kula nilichukua moja, nikaivaa, nikaelekea dirishani nusu sekunde. Maandishi yangu mwenyewe yaliwaka mbele yangu. SUKARI. MAGUNIA. Nikaitoa. Kwa dakika nzima baadaye kila nilikotazama niliona alama ya kijani.

Jumatano, 27 Juni

Amegawa. Pikapu, kipaza sauti, Malaba, Amagoro, hadi Bumala na Busia. Bure. Ingekuwa ya kuuzwa watu wangeuliza maswali. Ya bure wanaipigania. Nimeona mzee anajaza sita mfukoni.

Bango la kitambaa lililofungwa kwenye pikapu amelishona dada Konso. Amepewa miwani ya kwanza kabisa, mbele za watu, na ile karatasi ndani yake. Niliona kutoka dirishani. Aliifungua karatasi, akaisoma taratibu akifuatisha kwa kidole, akaikunja, akaitia kifuani. Akatazama upande wa dirisha langu. Nikainamia mashine.

Huyu anaishi kwa macho yake. Hana mume, hana shamba, ana macho na cherehani. Nikamtuma Mama Amoit avuke amwambie asivae. Alirudi na jibu: "Amesema kama una neno naye, una miguu."

Barabara ile ina upana wa malori mawili. Sikuvuka. Kiburi, basi. Hakuna jina jingine.

Ijumaa, 29 Juni

Naandika kabla sijalala.

Asubuhi kipaza sauti kilipita kikiwaambia watu wajizoeze. Kesho isiwe mara ya kwanza. Vaeni leo, tazameni jua, mzoee. Saa saba mchana barabara nzima nyuso juu. Madereva juu ya malori. Wanawake wa soko. Jua zima, la saa saba, halijafunikwa hata ukucha! Simioni alikuwa mlangoni kwetu na mteja, anapunga mkono.

Kwenye baraza ya Konso walikuwa wanne wakipokezana. Ikafika zamu yake. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea, uso juu, mikono magotini. Wenzake walitazama wakaacha, wakatazama wakaacha. Yeye alitulia. Nikahesabu. Nikainuka, nikakaa. Simioni alikuwa amesimama mlangoni, nilikuwa na fomu mashinani. Hayo ndiyo niliyofikiria, fomu mashinani.

Nikakimbia. Sijui nilimpitaje Simioni. Lori lilinipigia honi. Nikamrarua miwani usoni, nikaikanyaga. Akafumba macho, akafumbua, akanitafuta. Halafu akanizaba kofi. Kwa kelele, mbele ya wote: tangu Pasaka hujanijulia hali, leo umevuka kuja kuninyang'anya!

Basi ndipo nikasema. Nimepiga kelele mpaka sauti ikakatika. Karatasi ile ni uongo. Hakuna mtaalamu. Niliipiga mimi, mimi, pale, kwenye mashine ile. Vueni!

Wengine walivua. Wengine walicheka. Simioni alivuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, akaniwekea mkono begani, akawaambia watu dada amechoka, kazi ni nyingi. Mkono ule. Nimeoga mara mbili na bado nausikia.

Konso aliingia ndani akafunga mlango.

Jumamosi, 30 Juni

Siku yenyewe.

Walikuja sokoni wengi kuliko nilivyotarajia. Ile kelele ya jana imesaidia kitu. Niliwapanga mgongo kwa Uganda, sajini akanisaidia kupanga kana kwamba ni gwaride. Boksi nilikuwa nalo moja. Mama Amoit akaleta bati analokaushia omena, lile lililotobolewa kwa msumari maji yachuruzike. Akaliinua juu ya khanga nyeupe.

Mwanzoni vikawa viduara, tundu kwa tundu. Kisha kila kiduara kikaanza kuliwa pembeni. Hakuna aliyecheka. Mwanga ukawa mwembamba, wa rangi ya bati. Upepo wa baridi. Kuku wa Mama Amoit, ambao hakuwafungia, wakaelekea bandani kwa miguu yao. Karibu saa kumi khanga nzima ilijaa vimwezi vidogo, mamia, vyote vimeinama upande mmoja. Mzee Athumani akavua kofia. Mama Amoit mikono ilimchoka akakataa kupokewa bati. "Lori linapita," akanong'ona. Nililia. Ilikuwa nzuri, na dada yangu alikuwa ndani amefunga mlango.

Nikakumbuka kalamu yangu ofisini, au nilitaka tu kukaa peke yangu. Nikazunguka nyuma ya jengo. Alikuwepo Simioni. Peke yake. Uso ukutani, mgongo kwenye jua. Mkononi kadibodi, katikati tundu la pini, na kwenye chokaa ya ukuta kimwezi chake kidogo safi. Alikuwa anatabasamu.

Alisoma kila neno, basi. Alielewa kuliko wote. Aliponiona aliiweka kadibodi nyuma, mtu mzima huyu, akaniuliza kama watu wamefurahi.

Nikarudi sokoni bila kalamu.

Jumatatu, 2 Julai

Cherehani ya Konso haijalia asubuhi hii.

Watu tisa wamekuja ofisini kabla ya saa nne. Wanasema kuna doa. Ukitazama kitu, doa linakaa juu yake. Utingo mmoja aliyekuwa juu ya lori Ijumaa hawezi kusoma namba ya gari lake mwenyewe. Simioni anawapokea kwa mikono miwili. Anawaambia ni vumbi la malori.

Kisha akaniletea maneno mapya ya kupiga. "Wananchi wanaarifiwa kuwa ugonjwa wa macho uliopo unatokana na vumbi." Akayaweka kando ya mashine.

Nikaifunika taipureta kwa kifuniko chake. Nikachukua kikombe changu na khanga ya kiti. Akauliza nakwenda wapi. Nikatoka. Hakuna ushujaa hapo. Ilipaswa iwe tarehe ishirini na moja.

Nikavuka barabara. Mlango wa Konso ulikuwa umerudishwa tu. Alikuwa kitandani, ameelekea ukuta. Nikakaa chini sakafuni. Tulikaa hivyo mpaka mchana, hakunifukuza.

Alhamisi, 5 Julai

Hospitali, mbali, mabasi mawili. Foleni ya macho imetoka nje ya mlango, na nusu ya foleni nawajua. Daktari alitazama ndani ya macho ya Konso kwa kitochi, muda mrefu. Ameungua nyuma ya jicho, yote mawili, katikati kabisa pale pa kuonea vitu vidogo. Dawa hakuna. Ni kungoja. Miezi. Wengine huona tena, wengine kidogo, wengine ndivyo wanavyobaki. Aliuliza kwa nini alilitazama jua. Konso akasema alikuwa amevaa miwani.

Kwenye basi nikamuuliza ananionaje. Akanigeukia, akageuza kichwa huku na huku.

"Masikio nayaona. Kitambaa cha kichwa nakiona. Uso hakuna."

Simioni ametuma sukari na majani ya chai kwa kila aliyeumia. Zetu nimezimwaga mtaroni. Bango lake bado limefungwa kwenye pikapu, mshono wa dada yangu, mistari imenyooka.

Jumapili, 8 Julai

Mvua kidogo asubuhi. Kizuizi kimefunguliwa, malori yanapita tangu alfajiri. Mzee Athumani amevuka. Alitoa mkono dirishani.

Kuna sare za shule za kumaliza. Nimekaa kwenye cherehani, Konso amekaa ubavuni kwangu na kiganja juu ya kitambaa. Ananisikiliza kwa vidole. Anasema vuta, anasema legeza, anasema umepinda. Nimepinda kweli. Nimefumua kola moja mara tatu. Hakunikemea.

Kwenye ile ya nne akaanza kusema, taratibu, bila hasira. Mimi nilidhani alivaa kwa sababu ya Simioni. Anasema yeye anamjua Simioni tangu zamani, asingemwamini hata na kuku. Ni ile karatasi.

"Nani mwingine anapiga taipu pale? Nilijua ni mkono wako. Hatusemezani tangu Pasaka, nikasema basi, mdogo wangu ameniandikia."

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Yeye akangoja, kiganja juu ya kitambaa. Kisha akauliza kama uzi umekatika.

Nikamwambia ndiyo. Nikatunga mwingine. Akaniuliza ni rangi gani, nikamwambia bluu, ile ya sare. Tukaendelea na kola.